Jinsi ya kuandika maelekezo mtandaoni yanayofuatika

Makala nyingi za "jinsi ya" humwacha msomaji njiani. Anasoma, anajaribu, anakwama hatua ya nne, kisha anarudi kuuliza: "Mbona yangu haikutoka?" Mara nyingi kosa si lake. Kipimo kimoja kiliachwa, hatua mbili zimebadilishana nafasi, au jibu lenyewe limefukiwa chini ya aya sita za utangulizi.

Mwongozo huu ni wa makala ya maelekezo yenye maneno 800 hadi 1,500, ambayo mtu ataifuata akiwa na simu mkono mmoja na kazi mkono wa pili. Mfano utakaotumika kote ni mmoja: kutotolesha mayai ya kuku kwa mashine. Umechaguliwa kwa sababu hausamehe. Ukimpotosha mtu kwenye chai, atapoteza dakika kumi. Hapa atapoteza trei nzima ya mayai na wiki tatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Simu itakuwa na kazi nyingine.
- Vifaa vya kazi unayoielezea, pamoja na vya kupimia: saa, mizani, rula, kipimajoto, chochote kinachohusika.
- Simu au kompyuta yenye kibodi ya Kiswahili. Gboard (kibodi ya Google), kwa mfano, inayo: ingia kwenye mipangilio yake, chagua Lugha, kisha ongeza Kiswahili. Bila hivyo, kisahihishaji cha Kiingereza kitageuza maneno yako kimyakimya.
- Programu ya kuandikia inayohifadhi kazi hata intaneti ikikatika. Usiandike moja kwa moja kwenye ukurasa wa kuchapishia; umeme ukikatika umeanza upya.
- Kamusi ya Kiswahili, ya karatasi au ya simu.
- Mtu mmoja asiyeijua kazi hiyo, aliye tayari kukupa nusu saa.
- Muda wa siku mbili. Makala ya maneno 1,200 iliyofanyiwa kazi vizuri hula saa sita hadi nane, na ni lazima usiku mmoja upite katikati.

## Hatua ya 1: Andika swali moja la msomaji

Juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, andika swali kwa maneno ambayo mtu angeyatamka. Si "Ufugaji wa kuku", bali "Nina mashine ya mayai 60, niwekeje joto na unyevu ili vifaranga watoke?"

Swali pana huzaa makala pana, na makala pana haifuatiki. Ukijikuta unataka kueleza pia chanjo, banda na chakula cha vifaranga, hizo ni makala nyingine tatu.

Chini ya swali andika mambo mawili: msomaji tayari anajua nini, na ana kifaa gani. Anayetumia mashine yenye feni na anayetumia sanduku la taa lisilo na feni hawawezi kufuata namba zilezile. Ukitaka kuwahudumia wote wawili, sema tangu mwanzo nani asome wapi.

## Hatua ya 2: Fanya kazi yenyewe huku unaandika

Hapa ndipo makala nyingi hufa, kwa kuwa mwandishi mzoefu huandika kwa kumbukumbu. Mkono wake unafanya mambo ambayo kichwa kimeshayasahau: anaacha mashine iwake usiku kucha kabla ya kuweka mayai, analaza yai ncha yake nyembamba ikielekea chini, ananawa mikono. Hayo yote hayataonekana kwenye makala, na anayeanza hatayajua.

Ifanye kazi mara moja polepole. Kila mkono unapogusa kitu kipya, andika mstari. Kila unaposubiri, andika dakika. Kila unapoangalia kitu ili kuamua kuendelea au la, andika unaangalia nini hasa: rangi, sauti, harufu, namba kwenye kioo.

Kazi ikiwa ndefu kama hii ya wiki tatu, usiandike mwisho wa wiki. Andika siku hiyohiyo.

Onyo: usiandike makala ya maelekezo kuhusu jambo ambalo hujawahi kulifanya wala kusimama karibu na anayelifanya. Kukusanya makala tano za wengine na kuzichanganya huzaa makala ya sita yenye makosa ya zote tano.

## Hatua ya 3: Hakiki kila namba

Toa namba zote kwenye daftari na uziweke peke yake. Kwa mfano wetu orodha inakuwa hivi: siku 21, joto nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha asilimia 65 hadi 70. Kugeuza mayai angalau mara 3 kwa siku. Kuacha kugeuza siku ya 18.

Kila namba itafutie vyanzo viwili visivyonakiliana. Kurasa tatu zenye sentensi ileile, hadi koma, ni chanzo kimoja. Vyanzo bora ni kijitabu cha mtengenezaji wa kifaa, machapisho ya vyuo vya kilimo na wizara, na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Vyanzo vikipingana, usichague katikati. Tafuta sababu. Utakuta mmoja anasema nyuzi 37.5 na mwingine nyuzi 38.5, na wote wawili wako sahihi: wa kwanza anazungumzia mashine yenye feni, ambamo joto ni sawa kila mahali, wa pili anazungumzia isiyo na feni, ambamo joto hupimwa usawa wa juu ya mayai na huwekwa kati ya nyuzi 38.3 na 38.9. Sababu hiyo ni mali. Iandike kwenye makala, kwa sababu msomaji naye amekutana na namba zote mbili na amechanganyikiwa.

Angalia pia mwanzo wa kuhesabu. "Siku ya 18" ni ipi? Wengine huita siku ya kuweka mayai siku ya kwanza, wengine huanza kuhesabu baada ya saa 24 kupita. Tofauti ni siku nzima. Dawa yake ni kutoa mfano wa kalenda: mayai yakiingia Jumatatu jioni, kugeuza kunakoma Ijumaa ya wiki ya tatu, na vifaranga hutarajiwa Jumatatu inayofuata.

## Hatua ya 4: Panga vichwa vidogo kwanza

Andika vichwa vyote vidogo kabla ya aya hata moja. Kisha visome vyenyewe tu, toka juu hadi chini. Vikisimulia kazi nzima kwa mpangilio wa kufanyika kwake, endelea. Visiposimulia, vipange upya sasa; baadaye utaona uchungu kukata.

Kichwa kidogo kianze na kitendo: "Pasha mashine saa 24", "Panga mayai", "Geuza mara tatu". Kichwa kama "Mambo ya kuzingatia" hakimwambii mtu chochote, na huwa ni kapu la yale ambayo mwandishi hakujua ayaweke wapi. Kila jambo lililomo ndani yake lina hatua yake, lirudishe huko.

## Hatua ya 5: Anza na jibu

Futa utangulizi unaoanza na "Katika dunia ya leo" au "Ufugaji ni moja ya shughuli". Aya ya kwanza itoe jibu zima kwa ufupi, ndani ya maneno 40 hadi 60:

"Mayai ya kuku hutotoleshwa kwa siku 21. Kwenye mashine yenye feni weka joto nyuzi 37.5 na unyevu asilimia 50 hadi 55. Geuza mayai mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, kisha acha kugeuza na pandisha unyevu hadi asilimia 65 au zaidi."

Wapo wanaoogopa kwamba msomaji akipata jibu juu ataondoka. Atakayeondoka ni yule aliyekuwa amesahau namba moja tu, na huyo atarudi siku nyingine kwa sababu hukumzungusha. Anayeianza kazi kwa mara ya kwanza atabaki, maana sasa anajua yuko mahali sahihi.

Baada ya aya hiyo weka orodha ya vifaa pamoja na idadi. Sio "maji" bali "maji safi lita 1".

## Hatua ya 6: Andika hatua zenyewe

Kila hatua ina sehemu nne: kitendo, kipimo, sababu, na dalili kwamba imekubali. Si lazima ziwe na urefu sawa, lakini ikikosekana moja jiulize kwa nini.

Hatua mbovu: "Geuza mayai mara kwa mara ili yapate joto vizuri." Haina kipimo, na sababu yake si ya kweli.

Hatua nzuri: "Geuza kila yai nusu mzunguko mara tatu kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Yasipogeuzwa, kiinitete hunata kwenye utando wa ganda na kufa. Weka alama ya X upande mmoja wa yai na O upande wa pili kwa penseli. Baada ya kugeuza, alama zote za juu zifanane."

Angalia alama ya X na O ilivyo na kazi mbili: inamwonyesha afanye nini na inamhakikishia kwamba hakuna yai lililorukwa. Dalili kama hiyo ina thamani kuliko aya tatu za kusisitiza umuhimu wa kugeuza.

Wakati wa kuandika, zingatia haya:

Kitendo kimoja kwa hatua. Ukiona "kisha" mara mbili kwenye sentensi moja, hizo ni hatua tatu.

Onyo hutangulia kitendo. "Fungua mfuniko. Onyo: usifungue kati ya siku ya 18 na 21" ni kumchimbia mtu shimo, ameshafungua. Andika: "Kuanzia siku ya 18 usifungue mfuniko, unyevu utashuka na vifaranga watakaukia ndani ya ganda. Angalia kupitia kioo."

Maneno yasiyopimika yatoke. Kiasi, kidogo, ya kutosha, muda fulani, mara kwa mara. Tafuta kila moja ndani ya rasimu na uweke namba au dalili. Pale ambapo kweli hakuna namba, eleza kinachoonekana: siku ya 7, ukimulika yai gizani kwa tochi, lililo hai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui; lisilo na kitu linapitisha mwanga mtupu.

Eleza linaloharibika na chanzo chake. Hiki ndicho kitu ambacho msomaji hakipati kwingine. Vifaranga wakitoka mapema, siku ya 19 au 20, huku vitovu havijafunga, joto lilikuwa juu. Wakichelewa hadi siku ya 22 au 23 na wakawa dhaifu, lilikuwa chini. Mistari miwili ya namna hiyo inaokoa trei inayofuata.

Nafsi moja mwanzo hadi mwisho. "Geuza" hapa, "unatakiwa kugeuza" pale, "mfugaji ageuze" kule na "tugeuze" mwishoni humchosha msomaji bila yeye kujua sababu. Chagua amri ya umoja ubaki nayo. Si utovu wa adabu. Kwenye maelekezo ndiyo adabu yenyewe.

Aya ziwe fupi. Skrini ya simu iliyosimama hubeba herufi 40 hivi kwa mstari, kwa hiyo aya ya maneno 60 tayari ni mistari kumi. Ikizidi hapo, igawe.

## Hatua ya 7: Safisha Kiswahili

Fanya kazi hii siku ya pili, asubuhi, kwa kusoma kwa sauti. Ulimi utajikwaa pale jicho liliporuka.

Kwanza, herufi h. Kosa la kawaida ni "uwa" badala ya "huwa", na ndugu zake: "mashine uwashwa", "kuku utaga". Anayesoma "kuku utaga" anaweza kudhani ulitaka kuandika "kuku atataga". Kisha angalia r na l: "mahali" si "mahari". Kisahihishaji hakitakuokoa, maana yote mawili ni maneno halali.

Pili, upatanisho. Vifaranga ni viumbe hai: vifaranga wametoka, si vimetoka. Yai limepasuka, mayai yamepasuka. Makosa ya ngeli humfanya msomaji ashuku na namba zako.

Tatu, kuunganisha na kutenganisha. "Anapogeuza" ni neno moja. "Kwa sababu" na "kwa hiyo" ni mawili mawili.

Nne, Kiingereza kilichovaa kanzu. "Mwisho wa siku utapata vifaranga" hakimaanishi jioni, sivyo? Basi kitoke. "Inapokuja kwenye suala la unyevu" ni "unyevu" tu. "Fanya ukaguzi wa mashine" ni "kagua mashine". "Kwa ajili ya kuweza kupata matokeo" ni "ili ufanikiwe". Kukata maneno ya aina hii peke yake hupunguza rasimu nyingi kwa sehemu inayoonekana.

Tano, msomaji aliye mbali. Makala ya Kiswahili inaweza kusomwa Mbeya, Mombasa, Bujumbura, Goma na Muscat siku hiyohiyo, na hapo kuna mitego halisi:

- Shilingi. Sh 50,000 ya Kenya na ya Tanzania hazikaribiani. Andika TSh, KSh au USh, na mwezi ulipoipata bei hiyo.
- Saa. Saa 2 bila "asubuhi" au "usiku" haina maana, na aliyezoea saa ya Kizungu ataelewa kitu kingine. Panapo hatari ongeza 20:00.
- Nukta. Aliyesoma shule za Kongo au Burundi huandika 37,5 kwa koma. Ukiandika 1,200 katika makala ileile, hakikisha kipimo kilicho pembeni kinaondoa shaka.
- Vipimo vya soko. Debe, kibaba, gunia na fungu hubadilika toka soko hadi soko. Ongeza kilo au lita.
- Majina ya vitu. Maharage huku, maharagwe kule. Viazi mviringo Tanzania, waru Kenya. Tumia moja kote, na lile lingine litaje mara moja mwanzoni.

## Hatua ya 8: Andaa picha

Picha nne hadi sita zinatosha, na kila moja ionyeshe kitu ambacho maneno yanashindwa: yai lililomulikwa siku ya 7, alama za X na O, kipimajoto kilivyokaa. Picha ya kuku mzuri anayetembea uani haifundishi chochote.

Picha ya simu ya kawaida ina megabaiti 3 hadi 5. Kumi za aina hiyo zitakula megabaiti 40 za bando la msomaji, na atafunga ukurasa kabla hazijafunguka. Punguza upana hadi pikseli 1,200 na uhifadhi kama JPEG yenye ubora wa asilimia 75 hadi 80. Uzito utashuka sana, mara nyingi hadi kilobaiti mia chache, na kwenye simu tofauti haionekani.

Badili jina la faili. "IMG_2041" haisemi kitu, "yai-siku-ya-7" inasema. Jaza pia sehemu ya maelezo mbadala kwa sentensi moja, kwa ajili ya wasioona wanaosomewa na simu.

Onyo: picha huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Zima kibali cha mahali kwenye kamera kabla ya kupiga nyumbani kwa mtu. Sura ya mtu ikionekana, omba ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya inayo ya 2019. Picha iliyotokea kwenye matokeo ya utafutaji si ya bure kwa sababu tu imetokea. Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, ina zilizoruhusiwa, ila soma masharti ya kila picha: nyingi hudai utaje mpiga picha na leseni yake.

## Hatua ya 9: Toa kichwa cha makala

Kiandike mwisho, ukishajua makala imetimiza nini. Kisizidi herufi 60 pamoja na nafasi, maana zaidi ya hapo mara nyingi hukatwa kwenye matokeo ya utafutaji. "Jinsi ya kutotolesha mayai ya kuku kwa mashine: siku 21" kina herufi 55, na kinabeba maneno ambayo mtu angeyaandika mwenyewe.

Watu wengi huandika "kutotoresha". Kwenye kichwa weka "kutotolesha", na ile nyingine iingize mara moja ndani ya maandishi, ili anayeitafuta hivyo naye akupate. Kuirudia mara kumi ni usumbufu.

## Hatua ya 10: Mpe asiyejua

Mpe simu yenye rasimu yule mtu uliyemwandaa. Usimweleze chochote. Mwombe asome mara moja, afunge, kisha akwambie angeanza na nini, angepima nini, na angejuaje kwamba imekubali.

Kaa kimya. Ukisema "hapo nilimaanisha", tayari umepata sentensi ya kuandika upya. Angalia kidole chake pia: kila anaporudi juu, kuna kitu hakikuwa mahali pake, mara nyingi kifaa ambacho hakikutajwa kwenye orodha.

Akikosea katika hatua moja, hatua hiyo ndiyo mbovu. Irekebishe, umpe mtu wa pili.

## Hatua ya 11: Chapisha, kisha irudie

Hamisha maandishi kama maandishi matupu (kwenye kompyuta za Windows, Ctrl+Shift+V katika programu nyingi), la sivyo utaburuta rangi na ukubwa wa herufi usioutaka. Anwani ya ukurasa iwe fupi, kama "kutotolesha-mayai-kuku", na usiibadilishe tena. Kila aliyeituma kwenye kundi la WhatsApp ataachwa na kiungo kilichokufa.

Ifungue kwenye simu ya bei nafuu kwa data, si kwa Wi-Fi. Bofya kila kiungo.

Weka tarehe ya kuhakikiwa juu ya makala. Baada ya wiki tatu soma maswali yaliyoingia: swali likiulizwa na watu watatu, jibu lake linaingia ndani ya hatua husika, sio kwenye orodha ya maswali chini kabisa. Bei zipitie kila miezi sita. Ukigundua namba uliyotoa ilikuwa na kosa, irekebishe na uandike palepale kwamba imerekebishwa na lini, kwa sababu kuna mtu aliyenakili ile ya zamani kwenye daftari na mayai yake yako siku ya 12.